Vioo Nilivyovisafisha Nyumbani

Kamera ilikuwa ya mume wangu, na sifa ya kupiga picha ikawa yake Malindi nzima. Lakini aliyezisafisha picha zile, akazitoa kiooni hata zikaonekana, ni mimi. Nalisema hili kwanza kwa kuwa hakuna aliyewahi kunisemea, na kwa kuwa yaliyompata mdogo wangu wa kike hayaeleweki pasipo kujua kazi ile ilianzia mikononi mwa nani.

Mume wangu alikuwa karani katika shamba la mpira la Mzungu mmoja, mwendo wa asubuhi nzima kutoka mjini. Mzungu yule hakuwa na mke wala jamaa. Alikuwa na kamera. Alimfundisha mume wangu kuisimamisha juu ya miguu yake mitatu, kisha kupiga, kisha kusafisha, nadhani kwa upweke tu. Bei ya mpira ilipoanguka shamba likafungwa. Mzungu akapanda meli kurudi kwao, na mume wangu akarudi nyumbani na kamera, sahani tatu za kauri, taa moja, paketi za dawa na masanduku ya vioo.

Zama hizo sisi picha tulizipiga kwenye kioo. Kilikuwa kioo chembamba, ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa, upande mmoja kimepakwa dawa nyeupe kama tui zito. Picha iliingia katika ile dawa, lakini huioni mpaka uisafishe gizani. Vioo sita vya kwanza alivyosafisha nyumbani viliharibika vyote. Dawa ilivimba kwa joto, ikakunjamana kama utando juu ya maziwa, kisha ikateleza yote ikaanguka ndani ya sahani pamoja na picha yake. Mume wangu akatoka katika ghala la nafaka, alimojifungia gizani, uso umemwiva.

"Nchi hii haifai," akasema. "Maji yote ya moto."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mtungi. Nikamwambia, "Ukitia shabu?"

"Shabu ya kutulizia maji ya kisima?"

"Kinyozi akikukata humtia shabu, ngozi ikakaza. Na hiyo iliyo kiooni naiona kama ngozi."

Akacheka. Lakini siku ya pili alitia shabu katika maji ya sahani ya kati, nami nikampa maji yaliyolala mtungini chini ya kivuli, na kioo kikatoka kizima. Picha ilikuwa ya mbuzi wa jirani. Tuliitazama kama watu waliozaa.

Baada ya hapo alinifundisha, na kabla ya mwezi kwisha nikampita. Sababu ilikuwa moja. Mzungu alimfundisha kwa sura za Wazungu. Kioo kikiwa katika dawa, vitu vyeupe ndivyo hutangulia kuonekana, navyo hutokea vyeusi: mbingu kwanza, kisha chokaa ya ukuta, kisha kanzu. Uso wa mtu wetu huja mwisho. Mume wangu alikuwa na haraka, akikitoa kioo kanzu zikiisha kuonekana, na picha ikichapwa, watu wote wana kanzu nzuri na nyuso zisizo na macho. Mimi nilimwambia kamera iachwe wazi zaidi, na ghalani nilingoja. Nilingoja mpaka nilione jicho.

Ghala letu la nafaka halikuwa na dirisha. Baada ya sala ya adhuhuri, mji ukiwa umejinyoosha kulala, nilisogeza magunia ukutani, nikaziba nyufa za mlango kwa matambara, nikawasha taa na kuivisha kitambaa cha bendera, kile chekundu, mikunjo miwili. Mwanga mwekundu haukidhuru kioo. Mweupe, hata wa ufa mmoja, hukiua. Joto mle lilikuwa la tanuri. Jasho lilinitiririka hata leso ikanigandama mgongoni, na harufu ya dawa ilinikaa vidoleni hata mama mkwe akasusa wali wangu. Lakini sijapata raha kama ile, si kabla wala si baada. Ninaandika haya na moyo wangu mchungu, na bado siwezi kusema uongo juu ya raha ile. Unakilaza kioo ndani ya sahani, unaitikisa polepole, huoni kitu. Mkono unachoka, huoni kitu. Kisha kwenye pembe panaingia kama moshi, na moshi unakuwa ukuta wa nyumba yako mwenyewe, na mbele ya ukuta anasimama mtu uliyemwacha asubuhi akienda zake. Mara nyingine nilicheka peke yangu mle kama mwendawazimu.

Habari ikawafikia wanawake. Mwanamke wa mjini hakuweza kwenda kukaa mbele ya mwanamume wa nje na kamera yake, lakini kwangu aliweza kuja. Walipita kwa mlango wa uani, wakavua mabuibui, wakajipamba humo ndani, nami nikawapiga uani mume wangu akiwa hayupo. Kwa hiyo wanaume aliwapiga yeye, wanawake niliwapiga mimi. Picha nilizichapa juani, karatasi imebanwa nyuma ya kioo katika fremu ya mbao, mpaka ikaiva rangi ya hina. Walipoviona vioo vyenyewe, nywele nyeupe na meno meusi, walicheka mpaka wakakaa chini.

Niliwapa ahadi, tena kwa kiapo. Picha atachukua mwenyewe, na kioo chake kitakaa ndani ya kasha langu la harusi, na ufunguo utakaa kiunoni mwangu. Waliniamini. Bibi mmoja wa Kihindi, wa Kibohora, jirani yetu ambaye mumewe alikuwa na duka la nguo, alimleta binti yake mdogo aliyekuwa bado anajifunza kusimama, tukamshikiza kwenye kinu asianguke. Mtoto yule alikufa kwa homa masika yaliyofuata.

Mdogo wangu alikuwa mwanamke wa kucheka. Alikuwa na mwanya, na alijua kuwa mwanya wake ni mzuri, basi akaona kila neno lina kichekesho. Aliolewa na mfanyabiashara kijana aliyekwenda Mombasa na kurudi, mtu mpole, mwenye kumpenda kwa namna ambayo hata wazee waliiona wakatabasamu. Fungate ilipokwisha alikuja kwangu amevaa kisutu, leso yake ya harusi, kichwa wazi, shingo na mabega wazi, na dhahabu zake zote.

"Dada, nataka moja ya kumpa mume wangu," akasema. "Awe nayo safarini."

"Basi acha kucheka. Ukitikisika utatoka vichwa viwili."

Hakuweza. Nilimngoja mpaka kicheko kikamwisha mdomoni, kikabaki machoni tu, hapo nikafungua. Ghalani, uso wake ulipokuja ndani ya sahani, nilijua ndicho kioo bora nilichowahi kukisafisha. Nilimchapia moja. Akaitazama kwa muda, akasema, "Dada, usimwonyeshe mtu."

"Nani ataingia ndani ya kasha langu?"

Mumewe aliifunga picha ile katika sanduku lake la safari.

Vioo tulivyoachiwa na Mzungu vilikwisha, na dawa zikakaribia. Mume wangu, ambaye sasa alikuwa akiandika barua za watu na kutafuta kazi nyingine, alisema ana safari ya Mombasa na atajaribu kutafuta vifaa. Nilikaa siku zile kama mtu aliyefungiwa chakula. Aliporudi alikuwa na masanduku ya vioo vipya, mengi kuliko ya mwanzo, paketi za dawa, karatasi nzuri, na fremu mpya ya kuchapia.

Nilimwuliza, "Umepata wapi vyote hivi?"

"Kwa mpiga picha mmoja. Tumeelewana."

Sikuuliza wameelewana nini. Hapa ndipo ninapojishika mwenyewe. Mtu hana kazi, anarudi na mali yote ile, na mkewe haulizi neno la pili. Sikuuliza kwa sababu nilikwisha ona kamba za masanduku na vidole vyangu vilikuwa tayari vinazifungua. Miezi iliyofuata nilifanya kazi nzuri kuliko zote za maisha yangu. Sikulifungua kasha kuhesabu vya zamani. Vipya viliniwekea pazia.

Mume wa mdogo wangu alirudi kutoka Mombasa siku ya Jumatano, na hakwenda nyumbani kwake. Alikwenda kwa baba. Tukaitwa wote. Wanaume walikaa ukumbini: baba, ami yetu, mume wangu, na yeye. Sisi tulikaa chumba cha pili nyuma ya pazia, mama, mdogo wangu na mimi. Mdogo wangu alidhani mumewe ameleta habari za biashara; alikuja na bakuli la kaimati.

Tulisikia sauti ya shemeji. Ilikuwa chini, yenye adabu.

"Baba, sikuja kwa ugomvi. Nimekuja kuuliza. Nimepita duka moja karibu na bandari, mabaharia wa meli wamesimama wanachagua kadi, zile Wazungu wanazopelekeana kwa posta. Mmoja ameinua kadi akawaonyesha wenziwe. Wakacheka, wakapiga miluzi. Nikatazama, nikamwona mke wangu."

Kisha mlio mdogo wa karatasi ngumu ikiwekwa mezani.

"Nilizichukua zote zilizokuwako dukani. Mwenye duka akaniambia nyingine zimekwisha kwenda na meli. Hapa chini pameandikwa kwa Kizungu. Nimesomewa. Pameandikwa 'Bibi wa Kiswahili'. Hawakumwandika hata jina."

Mama alishika kifua. Mdogo wangu alinitazama, uso wake bado haujaelewa, kisha ukaelewa. Nami nilielewa pamoja naye. Masanduku yale yote niliyaona mbele yangu, na kamba zake.

Baba akasema, "Mwanangu, unataka kuuliza nini?"

"Nataka kujua nani aliitoa. Picha niliyopewa mimi ninayo, iko sandukuni mwangu. Nikiambiwa mke wangu ameibiwa, namchukua nyumbani sasa hivi na aibu hii tutaibeba wote wawili. Nikiambiwa alitoa kwa mkono wake, siwezi, baba. Nisamehe. Siwezi."

Baba akamgeukia mume wangu. "Wewe ndiye mwenye kamera."

Mume wangu akakohoa. Nikasikia sauti yake, ile anayoitumia kuandikia watu barua. "Vioo vyote vimo ndani ya kasha la mke wangu, na ufunguo anao yeye. Hapajaibiwa kitu. Lakini wanawake huomba picha za ziada. Pengine na huyu aliomba ya pili, akampa mtu. Pengine bila kujua madhara yake. Mimi sijui."

Mdogo wangu alinishika mkono. Kucha zake ziliniingia. "Dada," akanong'ona, "sema."

Sikusema.

Nimejieleza mara elfu, na maelezo yote ninayo. Nilikuwa na watoto wawili. Nikisema, mume wangu hatoki ukumbini mle na heshima, pengine hatoki mzima, maana ami yetu alikuwa mtu wa hasira. Nikisema, kila mwanamke aliyevua buibui uani kwangu atajua ahadi yangu ilikuwa ya nini. Nikajiambia nitamwambia baba baadaye, kwa utulivu, sisi wawili. Hayo ndiyo niliyojiambia. Lakini najua pia, na hili sikulisema kwa mtu mpaka leo, kwamba katika yale niliyoyafikiria lilikuwamo ghala lile na sahani zile tatu.

"Dada!"

Ukumbini shemeji alingoja. Alingoja sana, namshuhudia hilo. Kisha akaanza kulia, na katika kulia akatamka talaka, moja, mbili, tatu, kwa mkupuo mmoja. Bakuli la kaimati lilikuwa bado linatoa mvuke.

Baba aliichukua kadi, akaingia jikoni bila kututazama, akaitia motoni. Na zile nyingine pia.

Nyumbani nilifungua kasha mbele ya mume wangu. Vioo vitatu havikuwamo.

"Ulichukua ufunguo lini?"

"Ulikuwa umelala," akasema. Hakukana, na hilo lilinikasirisha zaidi. "Yule mpiga picha alitaka za wanawake. Alisema za wanaume anazo tele. Alisema kazi yangu ni nzuri kuliko zote alizoziona pwani hii."

"Yako?"

Akafunika kasha. Kisha akasema, "Hakuna jina lake pale. Nani angemjua?"

"Uso wake si jina?"

"Na wewe ulidhani vile vioo vipya vimeota juu ya mnazi?"

Kama ningekuwa na jibu la hilo, pengine ningeondoka nyumbani kwake siku ile.

Ilinichukua siku tatu kwenda kwa baba. Siku ya kwanza nilisema nimeshikwa na kichwa. Ya pili mtoto alikuwa na kikohozi. Ya tatu nilikwenda, nikamwambia kila kitu, nimesimama, macho yangu yakiwa kwenye mkeka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile ulikuwa nyuma ya pazia," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ulisikia aliposema akiambiwa ameibiwa atamchukua."

"Nilisikia."

"Talaka tatu, mwanangu. Hata nikimwendea leo nikambusu miguu, sheria haimrudishii mke vivi hivi mpaka aolewe na mtu mwingine kwanza, waachane kwa haki. Na yeye amekwisha panda chombo." Akaitazama mikono yake. "Nenda kamwambie mwenyewe. Mimi sitakubebea hilo."

Mdogo wangu alikuwa uani kwa mama, akichambua mchele kwenye uteo. Nilimwambia. Hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa mawe, moja moja, na kuyaweka pembeni, na nilipomaliza akasema, "Yeye aliniuza kwa vioo. Wewe uliniuza kwa nini?"

Nilipiga magoti. Alinyanyuka na uteo wake, akaenda kukaa upande wa pili wa kisima. Hakunipiga wala hakunitukana. Tangu siku ile alinipa shikamoo zote nilizostahili kwake kama mkubwa, na salamu zote za sikukuu, lakini neno la undugu hakunipa.

Maneno hayakai ndani Malindi. Wiki haikwisha wanawake wakaanza kuja. Hawakuja kwa mlango wa uani, walikuja kwa mlango wa mbele, wawili wawili, mabuibui yamefungwa mpaka puani.

"Nataka kioo changu."

Nilitaka kuwapa waende navyo, wakakataa. Waliogopa kuonekana navyo njiani, na waliogopa kukaa navyo nyumbani. Walitaka kuona vikifutwa. Kwa hiyo niliteleka maji, nikayatia magadi, nikakaa uani na beseni na kisu butu, nao wakakaa mbele yangu juu ya mkeka ule ule waliokalia siku za kujipamba. Kioo kikilala katika maji ya moto, dawa iliinuka pembeni kama ngozi ya mtu aliyeungua. Nilikuwa nimejifunza kuizuia isifanye hivyo. Sasa nilikuwa naisaidia kwa kisu. Nilikwangua nyuso nilizozingoja. Kila mmoja alikitazama kioo chake mpaka kikawa kitupu, akanyanyuka, akaondoka. Mmoja tu, mzee, alisema "Ahsante." Wengine wawili hawakuwa na kioo cha kufutiwa, kwa kuwa vyao ndivyo vilivyokwenda Mombasa pamoja na cha mdogo wangu. Niliwaambia hivyo uso kwa uso. Mmoja alinitemea mate, nikajifuta kwa ukingo wa leso nikaendelea na kazi.

Bibi wa Kibohora alikuja wa mwisho. Nilimtolea kioo cha binti yake aliyekufa, nikakisogeza kwenye beseni. Alinishika mkono wangu wenye maji ya moto.

"Hiki usikioshe," akasema.

"Mumeo ataridhia?"

"Hatajua." Alikifunga katika kitambaa, akakitia chini ya nguo kifuani, na akakaa nami kidogo. Yeye peke yake ndiye aliyekaa.

Mume wangu hakuniacha, wala mimi sikuondoka. Watu hudhani mambo kama haya huishia kwa kishindo; yetu yaliishia kwa kupika na kupakua. Alipata kazi ya ukarani forodhani, akaendelea kupiga picha za wanaume na za majahazi, akazisafisha mwenyewe, na watu wa picha zake wakatoka tena wana kanzu nzuri na hawana macho. Siku moja alisimama mlango wa ghala na kioo kinachodondosha maji, akaniita nije nimwonyeshe amekosea wapi. Nilimwambia nina unga mkononi. Nilikuwa sina.

Vita vya Wajerumani vilipoanza, vifaa havikuja tena, akaiuza kamera.

Mdogo wangu aliozwa kwa mtu wa Ngomeni, aliyefiwa na mke, mwenye watoto wakubwa, ambaye hakujali maneno ya mjini, au alijali na akapunguziwa mahari kwa ajili ya hayo. Alimtendea kwa wema wa kawaida. Nilikwenda kumtazama mdogo wangu mara mbili. Alikuwa anasuka makuti uani, amenenepa kidogo. Alinikaribisha, akanipa uji na samaki wa kukaanga, akaniuliza hali ya watoto wangu mmoja mmoja kwa majina yao. Mwanya ulikuwapo, lakini ilimbidi mtu augojee. Nilipoaga alinisindikiza mpaka mwisho wa nyumba, akageuka.

Kisha vita vikaisha, na nyuma ya vita ikaja ile homa iliyopita kila mlango, ikichukua vijana na kuacha wazee. Habari ya Ngomeni ilitufikia mdogo wangu akiwa amekwisha zikwa.

Matanga yalipokwisha, mama aliniita nikae karibu naye. Alikuwa hasikii vizuri tena, akazungumza kwa sauti kubwa, na nyumba nzima ikasikia.

"Ile kadi aliyoichoma baba yako. Haikubaki hata moja?"

"Haikubaki, mama."

"Na kioo chake?"

"Hakikurudi kutoka Mombasa."

Nilimtuma mume wangu Mombasa. Nilimwambia asirudi bila kitu. Alikwenda, akatafuta, akarudi. Mpiga picha alikuwa amehama miaka mingi, hakuna aliyejua amekwenda wapi na vioo vyake, na pale dukani kwake sasa wanauza kamba na lami. Hakuna mwenye duka aliyekuwa na kadi ya zamani zile. Na shemeji, aliyekuwa na ile moja sandukuni mwake, hajulikani aliko tangu alipopanda chombo. Ziko kwa Wazungu, kama ziko, katika nyumba za watu wasiojua ni nani. Mume wangu alinieleza haya akiwa amesimama, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza akasema, "Nisamehe." Nilimwambia chakula kiko mezani.

Nikamrudia mama nikamwambia hakuna. Alitikisa kichwa kana kwamba alijua. Kisha akasema, "Wewe uliiona sana. Basi nieleze ilivyokuwa."

Nikaanza kumweleza. Nilifumba macho, nikamweleza kisutu na mikunjo yake, mabega, kichwa kilivyoinama kidogo, na kipini chake kikimetameta kwenye tundu la pua la kulia.

"Kushoto," mama akasema.

"Kulia, mama. Nakiona."

"Nilimtoboa mwenyewe kwa sindano yangu, amelala pajani mwangu. Ni kushoto."

Ndipo nikatambua kwamba niliyekuwa nikimwona alikuwa yule wa kwenye kioo, aliyegeuka upande, kushoto kwake kukawa kulia, kabla hajachapwa karatasini. Mdogo wangu mwenyewe, wa kukaa naye na kula naye sahani moja, nilimtafuta nikiwa nimefumba macho pale mbele ya mama, na sikumpata. Mama aliendelea kungoja nimweleze. Nikamwambia, "Kushoto, mama. Kweli. Nilikuwa nimesahau."